Huduma ya msusi haiishii kwenye kioo

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii yafaa kukumbukwa na kila aingiaye saluni, kwani huko aghalabu mteja hupewa akitakacho bila kuelezwa ni kitu gani hasa alichopewa.

Pamezuka dhana kwamba msusi hana budi kuchagua moja kati ya mawili: ama amridhishe mteja, ama ayatunze mazingira. Dhana hiyo ni potovu.

Tuzitazame nywele za bandia. Nyingi ya zile zinazosukwa nchini ni nyuzi za plastiki. Mtindo mmoja wa rasta huweza kumaliza pakiti kadhaa, na baada ya wiki chache zote hufumuliwa na kutupwa. Nyuzi hizo haziozi upesi. Zikichomwa hutoa moshi wenye sumu, na zikisombwa na mvua huziba mitaro. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, lakini plastiki ya kichwani haikuguswa.

Kisha kuna kemikali za kunyoosha nywele. Baadhi yazo zina sodiamu haidroksaidi, ile ile itumiwayo kutengenezea sabuni, nayo huweza kuunguza ngozi ya kichwa. Mnamo 2022, watafiti wa Marekani waliowafuatilia wanawake wapatao 33,000 kwa karibu miaka 11 waliripoti kwamba waliotumia bidhaa za kunyoosha nywele zaidi ya mara 4 kwa mwaka walipata saratani ya mji wa mimba kwa kiwango kilichozidi maradufu kile cha wasiozitumia. Utafiti huo haukuthibitisha chanzo, lakini ni onyo ambalo mteja anastahili kulisikia. Msusi naye, ambaye huzishika kemikali hizo kutwa, anastahili kulisikia kwanza.

Lugha yetu pia haikosi lawama. Tumezoea kuzisifu nywele za singa na kuzibeza za kipilipili, hata msichana akaamini kuwa nywele alizozaliwa nazo ni kasoro. Kemikali za kuzinyoosha tukaziita "dawa". Dawa huponya maradhi. Je, hizi zaponya maradhi gani?

Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari kuhusu bidhaa na huduma, na ya kulindiwa afya yake. Haki hizo mbili hukutana katika kiti cha saluni.

Wasusi watasema kwamba mteja akisumbuliwa kwa maelezo atahamia saluni jirani. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa wengi wao hulipwa kwa idadi ya vichwa. Hata hivyo, kumweleza mteja si kumkatalia. Msusi akikadiria nywele kabla ya kufungua pakiti, mteja huokoa fedha. Rasta zilizo katika hali njema zikioshwa na kusukwa tena, mteja huokoa fedha zaidi. Akisuuza kwa kopo badala ya kuuacha mfereji wazi, na akikausha kwa taulo kabla ya kuwasha mashine, bili za maji na umeme hupungua. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloharibu urembo.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inadai taka zitenganishwe pale zinapozalishwa. Vyuo vinavyofunza ususi na viutahini ujuzi huo kama vinavyoutahini ufundi wa kusuka. Walimu wa sayansi nao wawafunze wanafunzi kusoma maandishi yaliyo kwenye kopo la kemikali kabla ya kuyaamini yaliyo kwenye tangazo.

Mteja akishaelezwa, na achague mwenyewe. Asipoelezwa, amechaguliwa, na bei akalipishwa yeye.