Mlingoti wa Chombo Kilichokufa

Muulize mwanafunzi yeyote wa sekondari mlingoti ni kitu gani, naye atakuonyesha ule wa bendera uliosimama mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu. Hakukosea. Lakini neno hilo lina makao mengine, nayo ni baharini. Na huko ndiko ninakotaka kumpeleka msomaji, kwa kuwa yako madai yanayotolewa kila siku juu ya utamaduni wetu ambayo hupimika vizuri zaidi ndani ya ngalawa kuliko ndani ya ukumbi wa mikutano.

Msimu mmoja wa kusi, katika pwani ya Kilwa Kivinje, niliona ngalawa ikirudishwa kwa makafi, tanga limelowa na kukunjwa. Mlingoti ulikuwa umevunjika pale unapopita katika ubao unaoushikilia. Hapo ndipo maji hukaa, na mti huweza kuoza kwa ndani hali nje ungali mzima machoni. Fundi aliyeitwa hakuuliza bei ya mti mpya. Alikwenda chini ya mivinje, mahali palipokuwa na mashua iliyokufa miaka mingi, mbavu zimefunikwa na mchanga, na mlingoti wake umelala kando.

Aliugonga kwa kisigino cha tezo, shibiri kwa shibiri, akisikiliza. Mti mzima hulia. Uliooza hujibu kwa sauti nzito, kama mtu anayesema kutoka ndani ya shimo. Alipofika karibu na tako sauti ikabadilika, akaweka alama. Akakata upande wa tako, wala hakugusa kichwa, kwa sababu kichwani mlikuwa na tundu la kupitishia henza, kamba ya kutwekea tanga, nalo lilikuwa laini na zima. Kisha akauchonga wote uwe mwembamba, kwa maana mlingoti wa mashua ni mzito kwa ngalawa, na uzito ukiwa juu chombo hupinduka. Akaupa ulimi wa kuingia katika mwashiri, yaani gogo la chini lenye tundu linaloshika tako la mlingoti. Akaukaza kwa kabari, akauinamisha kidogo kuelekea omo ili foromali ipate nafasi ya kuning'inia. Siku ya tatu ngalawa ilikuwa baharini.

Sasa nawauliza wasomaji wangu: kazi ile ilikuwa nini? Wapo watakaosema ilikuwa umaskini. Hao ni wapenzi wa vipya. Kwao maendeleo ni kitu kinachoshushwa kutoka melini kikiwa bado kimefungwa katika sanduku. Watakutajia mashine na boti za kisasa, na watakukumbusha kuwa cha kuazima hakisitiri matako. Nami nawajibu: sikatai mashine, mvuvi mwenye mashine na mwenye mafuta ya kuitia na aende salama. Lakini mlingoti ule haukuazimwa. Ulirithiwa. Aliyeazima hana budi kukirudisha kitu kama alivyokipewa. Aliyerithi ana haki ya kukata, kuchonga na kukifanya kimfae.

Wapo wengine, nao ni wapenzi wa makumbusho. Hao wangeuona mlingoti ule wangeusimika ukumbini, wakauandikia kibao, wakaupiga picha, na kila mwaka wakauimbia ngoma. Siwadharau, kwa maana kumbukumbu ni dawa ya usahaulifu. Lakini nawakumbusha mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, kikasafiri kwa tanga la mkeka katika pwani hii yetu karne nyingi. Leo tunaujua kwa picha na kwa mifano. Mfano huonekana kwa macho, lakini ujuzi wa mikono iliyokuwa ikishona haukai ndani ya kabati la kioo.

Makundi haya mawili hugombana sana katika semina, lakini kwa hakika ni ndugu. La kwanza lasema cha kale kitupwe; la pili lasema cha kale kisiguswe. Yote mawili yanamwacha mvuvi ufukweni bila mlingoti.

Nasema haya si kwa kujitoa lawamani. Nilipokuwa karani kijana katika ofisi moja ya pwani, alikuja mvuvi mzee akitaka kibali cha kuchukua mlingoti wa mashua iliyoachwa na chama cha ushirika kilichokwisha kuvunjika. Nilimwambia mali ya umma haigawiwi ovyo, na kwamba ingemfaa zaidi kuomba mkopo wa boti mpya. Akaniambia, "Bwana Afisa, mimi siombi chombo. Naomba mti uliolala." Nikamjibu, "Subiri, mzee wangu, jalada limepelekwa mkoani." Jalada lilirudi baada ya miezi minane likiwa na idhini na mihuri yake yote. Nilikwenda mwenyewe kumpa habari njema. Mlingoti ulikuwa umeliwa na mchwa. Ngalawa yake ilikuwa imepasuliwa kuni, naye alikuwa akiponda kokoto kando ya barabara. Alinipokea kwa heshima, akanishukuru kwa taabu yangu. Shukrani ile inanichoma hadi leo. Sikuvunja kanuni hata moja. Nilichokosa ni elimu ya kujua kwamba mti haungoji jalada.

Mwaka 2018, huko Lamu nchini Kenya, mafundi walishusha majini chombo cha tanga kilichoundwa kwa taka za plastiki, kikaitwa Flipflopi. Na mwaka 2019 kikasafiri hadi Unguja. Kilishangiliwa ndani na nje ya Afrika, nami nikashangilia. Lakini mbona fundi wa Kivinje hashangiliwi? Yeye na wazee wake wamefanya kazi ya namna hiyo tangu zamani, bila kuipa jina. Je, busara yetu haiwi busara mpaka ionekane na wageni?

Desemba 1962, Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alilieleza Bunge kuwa ameunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Hakututaka tujifungie mlango. Alitaka tujifunze kwa wengine bila kukidharau kilicho chetu. Kutokidharau si kukiabudu. Fundi yule hakuuamini mlingoti kwa sababu ni wa kale, aliugonga kwanza. Palipooza alipakata bila huruma, palipo pazima alipahifadhi. Ziko mila zetu zilizooza tako, zinazomnyima binti shule au mjane urithi. Hizo nazo zigongwe, zikatwe, zitupwe. Asiyejua kugonga hutupa kizima pamoja na kibovu, au hukumbatia kibovu pamoja na kizima.

Basi, walimu, wapelekeni vijana ufukweni, na walio mbali na bahari wapelekeni kwa mhunzi, kwa mfinyanzi, kwa mchonga mizinga. Mwalimu wa fizikia atapata pale somo la uzito na mwegamo. Wa hisabati atapata vipimo. Wa Kiswahili atapata foromali, henza, demani na mwashiri, maneno ambayo yasipotamkwa na mdomo wa kijana yatabaki katika kamusi kama mbavu za ile mashua mchangani. Nanyi wanafunzi, kesho wengi wenu mtakalia viti vya ofisi kama nilivyokalia mimi. Akija mzee kuomba mti uliolala, inukeni, mwende naye kuugonga siku ileile.