Wote Si Wote

Mwandishi aliyetunasihi juzi kwamba mtengeneza tovuti azikusanye moduli zake zote katika faili moja la mlangoni, kisha azitoe kwa alama ya nyota, ametupunguzia taabu ya kuandika na kutuzidishia fadhaa ya kutafuta. Natutazame ya kwetu: faili la Kitui lina wadi 40, la Makueni lina wadi 30, na kila moja limeliita jedwali lake `wadi`. Kwa kanuni za moduli za JavaScript, zilizotoka mwaka 2015, nyota mbili zikigombania jina moja haishindi hata moja. Jina lenyewe huondolewa kimyakimya, hata atakayeandika `import * as wote` na kuitafuta `wote.wadi` akakuta patupu, bila ya onyo. (Wote, kwa asiyejua, ni makao makuu ya Makueni, Kitui haimo.)

Sokoni Kibwezi huiti “Mutua!” ukatumai ageuke mmoja; hutaja na wa nani. Basi `import * as kitui` na `import * as makueni`, kila moja kutoka faili lake. Gharama yake ni mstari mmoja zaidi.