Tuwaache Wazazi, Tuitazame Ngazi

Kila muhula wa pili unapoisha lawama huwa ile ile: wazazi wamezidi. Wanahamisha watoto shule ili wapate udhamini wa karo, wanauza mbuzi ili binti akacheze voliboli Machakos. Makala matatu katika toleo hili yanaimba wimbo huo. Nimeyachapisha kwa kuwa yameandikwa vizuri, basi.

Mzazi hakuyapanga mashindano haya. Yamepangwa na chama cha michezo ya sekondari: kaunti ndogo, kaunti, kanda ya Mashariki yenye kaunti nane, taifa, kisha Afrika Mashariki. Timu ya Maua ikitolewa mapema, msimu umekwisha, na wachezaji wa akiba hawajagusa mpira. Ikishinda, ni safari hadi Kitui au Marsabit, siku kadhaa nje ya darasa, huku wa kidato cha nne wakisubiriwa na mtihani wa mwigo. Mfumo unaomjali bingwa peke yake humfanya mwalimu mkuu amtafute kijana mrefu wa shule jirani na kumwahidi karo. Mzazi wa Igembe aliyeangushwa na bei ya miraa akatae kwa nini?

Barabara kuu ya Meru hadi Embu hupita daraja la Nithi, ambako Julai 2022 basi la abiria liliporomoka na watu zaidi ya 30 wakafa. Mabasi ya shule hupita hapo hapo. Wanaotuambia safari humkomaza mtoto, nimeona, hufika uwanjani kwa gari lenye dereva.

Rai yangu wasomaji wa zamani wameichoka, lakini nairudia: ligi ya majirani. Shule sita za Imenti, au za Runyenjes na Manyatta, zicheze nyumbani na ugenini kila Jumamosi. Hizo ni mechi kumi kwa kila timu katika muhula mmoja, na aliyefungwa leo anacheza tena wiki ijayo. Bingwa wa ligi ndiye apande ngazi. Shule kubwa kama Kangaru au Meru School sioni zitakachopoteza. Mwongozo wa mgao wa serikali umeweka shilingi 1,500 kwa mwanafunzi kwa mwaka kwa shughuli za nje ya darasa. Shule ya kutwa ya wanafunzi 200 ingepata laki tatu, iwapo zingefika zote na kwa wakati, na humo zimo pia drama na muziki. Fedha hizo zinatosha nauli ya Nkubu. Za Marsabit huombwa nyumbani.

Uwanja wa Moi, Embu, ulikarabatiwa kwa sherehe za Madaraka za 2023. Viwanja vya shule bado vinangoja sherehe yao.

Katika toleo hili pia, mahojiano kuhusu vyeti vya kuzaliwa vinavyopunguza umri wa wachezaji yasomwe hata na wasiopenda michezo. Shairi la mwisho ni zuri.

Kama yupo katibu wa michezo wa kaunti anayeona ligi hii haiwezekani, kurasa mbili za toleo lijalo ni zake. Alete na ratiba yake.