Bleddyn Williams: Kofia Iliyocheleweshwa na Vita

Katika siku za mwisho za mwezi wa Machi 1945, ng'ambo ya mto Rhine katika nchi ya Ujerumani, rubani mmoja kijana alikuwa akilala mtaroni, na muda wa juma zima ulikuwa karibu kutimia. Jina lake Bleddyn Williams, mtu wa Wales, umri wake miaka 22. Wakati huo huo, huko Leicester katika Uingereza, jina lake lilikuwa limekwisha kuandikwa katika timu ya Britania iliyokuwa itacheza raga na wanajeshi wa nchi za Dominioni.

Wales ni nchi ndogo upande wa magharibi wa kisiwa cha Britania, mashuhuri kwa makaa ya mawe na kwa raga. Mchezo huu huchezwa na watu 15 kila upande, kwa mpira wenye umbo la yai, na mchezaji anayo ruhusa ya kuubeba mikononi na kukimbia nao. Akifaulu kuuweka chini nyuma ya mstari wa wapinzani, amepata trai. Mtu akichaguliwa kuichezea nchi yake hupewa kofia, na tangu hapo sifa yake huhesabiwa kwa kofia. Kijana wa Wales aweza kukosa mali asione haya, lakini kofia ile huitamani tangu utotoni.

Williams alizaliwa tarehe 22 Februari 1923 katika kijiji cha Taff's Well, karibu na Cardiff. Ndugu wanaume walikuwa wanane, na wote wanane walipata kuichezea klabu ya Cardiff. Yeye alipelekwa kusoma katika shule ya Rydal, kaskazini ya Wales, kwa msaada wa Wilfred Wooller, aliyekuwa mmoja wa watu walioishinda New Zealand mwaka 1935 na ambaye mwenyewe alisoma katika shule hiyo. Vita vilipoanza mwaka 1939, kijana alikuwa na miaka 16. Wooller akaenda vitani akatekwa na Wajapani, akafungwa Changi, katika Singapore.

Mashindano ya mataifa yalisimamishwa. Watu waliendelea kucheza, ila michezo ya wanajeshi, ijapokuwa ilivuta watazamaji wengi, haikutoa kofia. Lakini jambo moja lilitokea ambalo wakati wa amani lisingewezekana. Raga ilikuwa imegawanyika pande mbili tangu mwaka 1895: wale waliocheza bure, na wale wa kaskazini ya Uingereza waliolipwa fedha. Aliyepokea fedha alifukuzwa kabisa upande wa kwanza, kana kwamba ameiba. Sasa wote walivaa nguo za jeshi, na marufuku ikaondolewa kwa ajili ya michezo ya majeshi. Basi vijana kama Williams walicheza pamoja na mabingwa waliolipwa, kama Gus Risman, mzaliwa wa Cardiff, wakajifunza mengi kwao. Vita vilipokwisha marufuku ikarudishwa, na waliokuwa wenzao juzi wakawa wageni tena.

Katika jeshi la anga Williams alifundishwa urubani. Mwezi wa Septemba 1944 marubani wengi wa eropleni zisizo na injini walipotea katika mapigano ya Arnhem, na nafasi zao zikajazwa na marubani wa jeshi la anga, naye Williams akiwamo. Eropleni hizo, nyingi zao za mbao, huvutwa kwa kamba na eropleni nyingine; zikifika juu ya mahali palipokusudiwa, kamba hufunguliwa, na rubani hushuka bila njia ya kujaribu mara ya pili. Tarehe 24 Machi 1945 askari zaidi ya 16,000 walishushwa kutoka angani ng'ambo ya Rhine kwa siku moja. Williams alichukua vyombo vya simu ya upepo na dawa. Alishuka kwa kishindo, lakini akawa hai.

Baada ya hapo ndipo zikaja zile siku za mtaroni. Mkubwa wake, Hugh Bartlett, ambaye mwenyewe alikuwa mchezaji hodari wa kriketi, alimwona akakumbuka ule mchezo wa Leicester, ambao ulikuwa kesho yake. Akamwamuru aondoke mara moja. Williams alirudishwa kwa eropleni, akafika kwa wakati, akaingia uwanjani na kupata trai. Timu ya Britania ikashinda. Watu wa Wales wamekisimulia kisa hiki miaka mingi. Kwa kofia, hata hivyo, mchezo ule haukuhesabiwa.

Kofia ya kwanza aliipata Januari 1947, karibu na kutimiza miaka 24, naye siku hiyo hakuwekwa mahali alipopazoea. Waingereza walishinda 9 kwa 6. Mwenzake Jack Matthews, daktari, aliyekuwa na miaka 26, alianza siku hiyo hiyo. Walipowekwa pamoja katikati, mambo yalibadilika: Matthews aliwavunja watu kwa kifua, Williams aliwapita kwa kukwepa, mguu mmoja ukidanganya na mwingine ukienda. Katika msimu wa 1947 hadi 1948 aliipatia Cardiff trai 41. Vilabu vya kulipa vilimtaka sana, naye alikataa. Mwaka 1950 alikuwa makamu wa nahodha wa timu ya Britania iliyokwenda New Zealand na Australia.

Mwaka 1953 watu wa New Zealand walikuja Britania. Tarehe 21 Novemba Cardiff, Williams akiwa nahodha, iliwashinda 8 kwa 3. Tarehe 19 Desemba akaiongoza Wales. Zamani zile hakukuwa na mchezaji wa akiba. Aliyeumia alivumilia au aliwaacha wenzake pungufu. Gareth Griffiths alitenguka bega akarudi kucheza, na Williams mwenyewe aliumia mguu asiondoke. Walipokuwa sawa, 8 kwa 8, Clem Thomas alibanwa pembeni, akaupiga mpira kuvuka uwanja mzima, na Ken Jones, mkimbiaji aliyepata medali ya fedha katika Olimpiki ya 1948, akaupata. Wales 13, New Zealand 8. Miaka 70 ilipita baada ya siku hiyo bila Wales kuwashinda tena.

Mara tano alikuwa nahodha wa Wales, na mara zote tano walishinda. Ya mwisho ilikuwa juu ya Waingereza mwaka 1955. Kofia zake zote ni 22. Baadaye aliandika habari za raga magazetini kwa miaka mingi, na mdogo wake Lloyd akawa nahodha wa Wales. Nishani ya MBE aliipokea mwaka 2006, akiwa mzee wa miaka 83. Alifariki Julai 2009.