Semina za saruji, soko la msimbo

Leo siandiki kuhusu Linux. Nivumilieni, maanake nina lalamiko, na linatuhusu sisi tunaounda programu kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kwenye warsha ya maofisa wa serikali katika hoteli moja kule Naivasha. Mada ilikuwa sera ya ushindani na biashara ya kimataifa. Nilidhani nimeitwa kama mtaalamu. Kumbe projekta ilikuwa imekataa kuelewana na tarakilishi ya mkufunzi, na kuna mtu aliyekumbuka kwamba anamjua kijana wa kompyuta. Nikairekebisha, nikapewa chai, nikakaa kiti cha nyuma kusikiliza.

Siku mbili nzima mfano ulikuwa saruji. Viwanda viwili vya saruji vinapatana bei, mnunuzi anaumia. Kiwanda kimoja kinamkataza mwenye duka kuuza saruji ya jirani, mnunuzi anaumia tena. Mfano mzuri, siukatai. Lakini kila ofisa pale ukumbini alikuwa na simu mezani. Anaitumia kulipa, kununua, kuitisha teksi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ni nani anayeamua duka lipi litokee la kwanza kwenye kioo cha simu hiyo. Kufikia alasiri ya siku ya pili, waliobaki walikuwa wakingojea vyeti na marupurupu.

Kabla hamjanirushia mawe: sisemi mafunzo ni upuzi. Mwaka 2005 Kenya ilikubali sera yake ya ushindani ikaguliwe na nchi nyingine chini ya UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo. Sisi na Jamaica ndio tuliotangulia kukaguliwa hivyo. Wakati huo tulikuwa bado tunatumia sheria ya 1988, iliyotia ushindani na udhibiti wa bei kapu moja. Miaka michache baadaye tukapata Sheria ya Ushindani ya 2010 na Mamlaka ya Ushindani yenye meno. Meno hayo tuliyaona Julai 2014. Airtel ililalamika, na Safaricom ikaondoa masharti yaliyowazuia mawakala wa M-Pesa kuhudumia mitandao mingine. Ofisa aliyefunzwa kwa saruji aliiweza kesi hiyo kwa sababu, ukiitazama vizuri, ilikuwa saruji tu. Kuna mkataba wa karatasi, kuna kifungu kibaya, unakisoma, unakifuta.

Siku hizi kifungu hicho hakikai kwenye karatasi. Kinakaa kwenye msimbo, yale maandishi tunayoandika mimi na wewe usiku wa manane. Mistari minne inatosha: kama muuzaji ni wa kampuni yetu, mpandishe juu, kama ni mpinzani, mshushe hadi ukurasa wa nne. Nani atajua? Mkataba wa kusomwa haupo, shahidi hayupo, na mwenye duka aliyeshushwa atadhani ni bidhaa zake mbovu.

Msidhani ni ndoto zangu. Juni 2017 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya yuro bilioni 2.42 kwa kuipendelea huduma yake yenyewe ya kulinganisha bei kwenye matokeo ya utafutaji, na mahakama ya juu ya Ulaya ikaithibitisha Septemba 2024. Tume ilisema ilipitia terabaiti 5.2 za matokeo halisi, yaani maswali ya utafutaji kama bilioni 1.7. Someni tena tarakimu hiyo. Hiyo si kazi ya mtu aliyefundishwa kusoma mikataba peke yake. Lazima pawe na watu ofisini wanaojua kuiuliza hifadhidata swali na kulielewa jibu.

Na bado sijafika kwenye kinachoniudhi hasa. Katika mafunzo haya, watu wa ushindani hufundishwa chumba hiki na wajumbe wa mazungumzo ya biashara chumba kile. Hawa wanajifunza kuchunguza makampuni, wale wanajifunza kujadiliana na nchi za nje. Wanakutana kwenye foleni ya chakula. Halafu wa chumba cha pili wanaweza kutia saini kitu kinachomfunga mikono wa chumba cha kwanza, na hakuna anayegundua mpaka kesi ifike.

Mfano ninao. Mei 2020 Marekani ilichapisha malengo yake ya mazungumzo ya biashara huria na Kenya. Mojawapo: kuweka kanuni za kuzizuia serikali zisilazimishe msimbo wala algoriti za kampuni kufichuliwa. Mimi kama mwandishi wa programu, mara ya kwanza nilisema, vizuri, msimbo wangu usiibwe. Kisha nikasoma kifungu chenyewe katika mkataba wa Marekani, Meksiko na Kanada ulioanza kutumika Julai 2020. Pale mlango mdogo umeachwa wazi: msimamizi au mahakama inaweza kuudai msimbo, lakini kwa uchunguzi *mahususi*.

Neno moja hilo. Sheria yetu, kifungu cha 18, inairuhusu Mamlaka kuchunguza sekta nzima bila kuwa na mshtakiwa. Je, uchunguzi wa sekta nzima ni mahususi? Wakili wa kampuni kubwa atasema hapana, na atalipwa vizuri kwa kusema hivyo. Wakili wa serikali atasema nini? Atakuwa amewahi kulifikiria swali hili, au atalisikia mara ya kwanza mbele ya jaji?

Mazungumzo hayo na Marekani hayakufika mwisho. Julai 2022 yaligeuzwa kuwa mpango mwingine. Na Oktoba 2023, jamani, Marekani yenyewe iliacha kuunga mkono pendekezo la namna hiyo kwenye Shirika la Biashara Duniani, ikisema inahitaji nafasi ya kutunga sheria zake za teknolojia. Mwenye kutupikia chakula ameinuka mezani bila kukionja! Tuliponea hapo kwa bahati, si kwa ujuzi wetu, na bahati haiandikwi kwenye bajeti.

Mlango mwingine uko hapa hapa barani. Eneo Huru la Biashara la Afrika lilipitisha itifaki ya ushindani Februari 2023 na ya biashara ya kidijitali Februari 2024. Hii ya pili inagusa msimbo pia. Anayetekeleza ya kwanza bila kuisoma ya pili atajikwaa.

Mtaniambia serikali haina pesa. Pesa za hoteli zipo. Mtaniambia maofisa ni wazito kuelewa mambo ya kompyuta. Si kweli. Pale Naivasha kulikuwa na dada mmoja, ofisa wa ngazi ya chini, aliyeniuliza wakati wa chai swali ambalo mkufunzi hakuulizwa siku zote mbili: kama programu mbili za teksi zinanunua hesabu za bei kwa kampuni moja, je, hayo ni mapatano ya bei hata kama wenyewe hawajawahi kuonana? Nilikaa kimya. Swali hilo linawatesa maprofesa. Nilipomtafuta baadaye nikaambiwa amehamishiwa idara nyingine, haina uhusiano wowote na biashara. Waliobaki na vyeti ni wakubwa waliokuwa wakitoka nje kupokea simu.

Kwa hivyo ninachodai si semina zaidi. Wapelekwe wanaofanya kazi, si wanaoisaini. Wasihamishwe kabla ya miaka mitatu kuisha. Wa ushindani na wa biashara wakae meza moja, wawekewe mbele yao kifungu kimoja cha mkataba na programu moja ndogo inayopendelea, waambiwe: itafuteni hila. Nitaiandika mimi mwenyewe, bure, chini ya leseni huria, na nitaificha hila hiyo vizuri. Saruji pia iwepo, asubuhi ya kwanza, saa moja.

Nikialikwa tena nitakuja. Projekta watafute mtu mwingine.