Tangazo la kifo litaje mtaa wa zamani

Hapa Kolwezi habari ya kifo haingoji gazeti. Inapita kwa redio. Komunike inasoma jina la marehemu, watoto aliowaacha, mahali pa kilio na saa ya kwenda makaburini. Basi. Zamani ilitosha, kwani jirani alimjua jirani.

Lakini mwaka 2017 sehemu ya Kasulo ilizungushiwa ukuta ili kobalti ichimbwe, na familia nyingi zikahama. Kabla ya hapo, 1992 na 1993, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa, wengi wakaondoka kwa treni. Aliyehama akisikia kwamba kilio kiko komini ya Manika, atajuaje kuwa ni mama wa jirani yake wa Kasulo? Majina yanafanana sana.

Kwa hiyo komunike itaje kwanza mtaa alioishi marehemu, kisha pale kilio kilipo leo. Ni maneno machache, na redio isiyatoze familia pesa ya ziada. Tangazo la harusi halina haraka hiyo: kadi hupita kwa simu wiki nyingi mbele. Kilio ni siku mbili tatu, na aliye Likasi anahitaji kusikia asubuhi ili apate gari.