Ya Mwalimu Mwachie Mwalimu

Juzi nilikuwa stendi ya Bunda na binamu yangu. Digrii ya kwanza anayo, sasa anaomba kusoma sheria Marekani. Huku kwetu chuo kinaangalia zaidi matokeo yako ya kidato cha sita. Kule wanataka barua ya kujieleza, halafu vyuo vingi vinakuruhusu kuongeza insha nyingine ukipenda. Hapo ndipo kasheshe!

Jamaa kaandika tatu. Ya kwanza: anatoka Butiama, alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922. Nikamwambia, "Kaka, hiyo sifa ya Mwalimu. Wewe je?" Ya pili inakisifia chuo kwa maneno yale yale ya kipeperushi chao. Tupa kule! Ya tatu ndiyo ilinikata maini: mama yake mjane alivyofukuzwa shambani na mashemeji, na yeye, yuko kidato cha pili, akimsomea karatasi za baraza la kata.

Hiyo ndiyo alitaka kuificha, eti aibu ya familia. Mimi nasema ndiyo ya kutuma, ila siri ni ya mama, lazima aulizwe kwanza. Jumapili kapanda basi la Butiama, insha iko mfukoni. Mwisho wa kutuma ni Ijumaa.